Kwa Lipi, na Mpaka Wapi?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mdahalo wa wazi jijini Mwanza, mbele ya wanafunzi, walimu wenzangu na wakazi wa jiji. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikipunguza marudio.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, habari za jioni. Vijana, shikamoo zenu nilizipokea pale mlangoni, marahaba tena. Mliotoka Magu, Kwimba na Misungwi, mwadila. Nawaona mmejaa mpaka barazani, na jua bado halijagusa ziwa, kwa hiyo muda tunao.

Nilipoombwa kuja hapa niliambiwa nichague mada yoyote ya uraia. Nimechagua hii kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa kidato cha sita darasani kwangu, mwishoni mwa mwaka 2023. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Akanifuata mezani, akauliza: “Mwalimu, bunge la Marekani rafiki yao akivamiwa linakaa, linapiga kura, linasema tuko pamoja nanyi. Letu mbona halisemi? Sisi hatuna marafiki?” Nikamjibu kwamba Tanzania haifungamani na upande wowote. Haukuwa uongo, lakini jibu halikumtosha, na uso wake ulinionyesha hivyo. Leo ameketi kule nyuma, sasa ni mwanachuo. Mwanangu, jibu lako nimekuja nalo.

Tuanze na azimio lenyewe, maana wengi tunalisikia redioni tukidhani ni sheria. Mnaofuatilia vikao vya Dodoma mnaijua sauti yake. Linaanza na “Kwa kuwa”, linakuja “Na kwa kuwa”, linashuka hivyo hivyo mpaka “Hivyo basi, Bunge hili linaazimia”. Mtoa hoja anasema naomba kutoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, Spika anahoji: wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo! Wasioafiki waseme siyo. Sauti mbili tatu, au kimya kabisa. Walioafiki wameshinda. Dakika chache tu, na nchi nzima imeshasema neno.

Marekani wanayo ya aina tatu. Lipo azimio la chumba kimoja, yaani Baraza la Wawakilishi peke yake au Seneti peke yake. Lipo la vyumba vyote viwili. Hayo mawili hayapelekwi kwa Rais kusainiwa wala hayawi sheria, ni sauti ya bunge basi. La tatu ni azimio la pamoja: linapita vyumba vyote, linakwenda mezani kwa Rais, na akilisaini linakuwa na nguvu ya sheria. Kwa jina yote ni maazimio. Kwa uzito, mawili ya kwanza ni salamu, na la tatu linaweza kuwa bunduki.

Sisemi kwamba salamu haina maana. Msiba ukimfika jirani na wewe ukapita mbele ya nyumba yake bila kuingia, atakikumbuka kimya chako miaka ishirini. Mataifa nayo ni hivyo hivyo. Azimio la kumuunga mkono aliye vitani linamfikia rafiki akiwa handakini, linamfikia adui yake vilevile, na linaifikia serikali ya nyumbani ambayo kesho itakuja kuomba fedha ikisema: si mlikwisha kusema mko pamoja naye?

Hapo kwenye fedha ndipo tupaangalie vizuri.

Tarehe 2 Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuwaunga mkono watu wa Ukraine. Waliosema ndiyo walikuwa 426. Waliokataa walikuwa watatu. Siku hiyo hiyo, kule New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoke: nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zilijizuia. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35. Uganda pia. Kenya ilisema ndiyo. Nchi tatu zinazokunywa maji ya ziwa moja, na hazikusema neno moja.

Sasa sogeza kalenda mbele. Oktoba 2023 Rais wa Marekani akaomba fedha mpya za kuisaidia Ukraine. Ombi likakaa. Likapita Krismasi, likapita Mwaka Mpya. Februari 2024 mji wa Avdiivka ukaanguka mikononi mwa Warusi, askari wa Ukraine wakilalamika kwamba makombora ya mizinga yamewaishia. Ilipofika tarehe 20 Aprili 2024 ndipo Baraza la Wawakilishi likapiga kura juu ya karibu dola bilioni 61. Ndiyo 311, hapana 112. Ni kweli katikati hapo kulikuwa na uchaguzi na sura nyingine zilibadilika, nisiwaonee. Lakini tazameni hesabu: neno lilipata 426, mfuko ulipata 311. Ukiwa ndani ya handaki, hiyo tofauti unaihesabu kwa risasi.

Ndiyo maana nasema azimio la bei rahisi linaweza kumdhuru hata yule unayempenda. Anaweza kulisikia akadhani ni ahadi. Anapanga vita vyake, au anakataa mazungumzo, akitegemea mzigo ambao haujapakiwa.

Kijana wangu aliniuliza kwa sababu ya azimio la Oktoba 2023. Turudi huko. Hamas waliishambulia Israeli tarehe 7 Oktoba, watu wapatao 1,200 wakauawa na wengine zaidi ya 240 wakachukuliwa mateka. Seneti ya Marekani ikapitisha azimio lake kwa kura 97 bila hata moja ya kupinga. Tarehe 25 Oktoba, Baraza la Wawakilishi, likiwa ndiyo kwanza limempata Spika baada ya wiki tatu za kuvutana, likafanya kura ya kusimama na Israeli kuwa kazi yake ya kwanza: 412 wakakubali, 10 wakakataa, 6 wakasema tupo lakini hatuchagui. Miongoni mwa waliokataa walikuwapo waliolalamika kwamba maandishi yale hayakuwataja raia wa Kipalestina ambao siku hizo walikuwa wakifa Gaza kwa mamia. Tangu hapo waliokufa Gaza wamekuwa makumi ya maelfu.

Jamani, vita hivyo havikuwa mbali na sisi. Vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kule kujifunza kilimo kwa vitendo, waliuawa katika shambulio lile la Oktoba 7. Wazazi wao walikaa wiki nyingi wakipiga simu isiyopokelewa. Kwa hiyo sitaki mtu aje aniambie hapa kwamba huu ni ugomvi wa wengine. Mimi nawalilia waliouawa siku ile, nawalilia watoto wa Gaza, na sioni kwa nini kilio kimoja kiufute kingine. Azimio linaloweza kutaja maiti za upande mmoja tu linaniacha na wasiwasi, hata kama upande huo ndio ulioanza kuonewa. Sitaki litaje wengine kwa adabu tu. Lisipowataja, yule rafiki anasoma kwamba hakuna anayewahesabu.

Lakini azimio ninalotaka mlijue kuliko yote ni la zamani zaidi, la mwaka 1964. Hili nitakaa nalo kidogo.

Marekani ilikuwa na rafiki aliyeitwa Vietnam Kusini. Tarehe 2 Agosti mwaka huo, boti za Vietnam Kaskazini zilipambana na meli ya kivita ya Marekani iitwayo USS Maddox katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye zikaja taarifa za shambulio la pili. Rais Lyndon Johnson akaenda kwenye televisheni usiku, kisha akapeleka azimio bungeni. Lilikuwa la aina ile ya tatu, lenye saini. Lilisema Rais anaweza kuchukua hatua zote zinazohitajika, pamoja na kutumia majeshi, kuisaidia nchi yoyote ya mkataba wa ulinzi wa Kusini-Mashariki mwa Asia itakayoomba msaada wa kulinda uhuru wake. Tarehe 7 Agosti likapigiwa kura. Baraza la Wawakilishi: 416 kwa sifuri. Seneti: 88 kwa wawili.

Hao wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Wawili katika ukumbi wa wenzao 88, huku nchi ikiwa imepandwa na hasira na magazeti yakiwaka moto. Walisema maandishi haya yanampa mtu mmoja ufunguo wa vita, na katiba haikusema hivyo.

Ilikuja kujulikana kwamba lile shambulio la pili halikutokea. Mabaharia walikuwa wameona vivuli kwenye rada, usiku, baharini kukiwa na dhoruba. Sasa rudini kwenye muundo wa azimio niliowasomea. Ile “Kwa kuwa” ilikuwa na tundu, na “Hivyo basi” ikapita humo humo. Kufikia mwaka 1968 kulikuwa na askari wa Marekani zaidi ya 500,000 nchini Vietnam. Zaidi ya 58,000 hawakurudi hai, na Wavietnamu waliokufa ni mamilioni. Bunge lililifuta azimio hilo Januari 1971. Mwaka 1973 likatunga sheria ya kumbana Rais kuhusu vita, likaipitisha tena baada ya Rais Nixon kuikataa. Morse na Gruening hawakuwamo tena Seneti wakati huo. Wote wawili walishindwa uchaguzi mwaka 1968.

Nawaambia vijana: yasomeni majina hayo mawili. Wale 88 ni wengi mno, hakuna anayewakariri.

Mtu ataniuliza, Mwalimu, haya yote ya Washington yanatuhusu nini sisi wa Mwanza? Wazee walio hapa mbele wanajua. Mji huu umewahi kupigwa bomu na rafiki wa adui yetu.

Mwaka 1964 huo huo, mwezi wa Julai, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo. Walipitisha azimio kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya kupata uhuru. Aliyeitoa hoja hiyo ni Mwalimu Nyerere. Lilikuwa azimio zuri, na mimi naamini limeokoa maisha mengi. Miaka 14 ikapita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaingia mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, yakaua raia, yakakusanya ng’ombe na mabati. Daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda.

Azimio la Cairo lilikuwapo. Aliyelitoa ndiye aliyevamiwa. Na OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika? OAU ikataka kusuluhisha. Nyerere alitaka kwanza mvamizi alaaniwe, kwa sababu hicho ndicho walichokubaliana Cairo, na laana hiyo haikutoka. Msumbiji ya Samora Machel ilifanya zaidi ya kusema, ilileta kikosi cha askari kikapigana bega kwa bega na wetu. Wengine wengi walikaa kimya. Na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa wakuu kule Monrovia, walikuwapo viongozi waliosimama kuilaumu Tanzania.

Kwa hiyo nikisema kimya kinauma, sijakisoma kitabuni. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, tunakaa Igogo. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa pamba. Magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwa ajili ya vita, na lori lile lilipochukuliwa, baba alikwenda nalo. Mama alibaki na sisi watano. Jioni redio iliwekwa dirishani ili majirani wasiokuwa na redio wasimame nje wasikilize. Nyerere alisema sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na wanaume waliokuwa dirishani wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa akihesabu siku.

Upande wa pili, Amin naye alikuwa na rafiki. Muammar Gaddafi wa Libya alimwambia Amin niko nawe, na yeye alimaanisha: alimletea ndege, silaha na askari kwa maelfu. Machi 1979 akampa Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda. Nyerere hakuondoa. Mwishoni mwa mwezi huo ndege ya Libya ya kurusha mabomu ikaja mpaka hapa Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Ikakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala.

Watoto tulipenda kuisimulia habari ya swala. Watu wazima hawakuipenda, kwa sababu walijua yale matangi yalikuwa wapi na nyumba zetu zilikuwa wapi. Amri ya giza ilikuwa kali. Mama alizima kibatari kabla hajapakua. Tulikula ugali na furu gizani. Wenye umri wangu mnamkumbuka furu, samaki mdogo mwenye miiba mingi, kabla sangara hajawamaliza. Ukimla gizani unautafuta mwiba kwa ulimi. Unatafuna polepole, unanyamaza, unausogeza mpaka kwenye jino la mbele, unautoa kwa vidole. Tulikuwa sita kwenye mkeka na hakuna aliyesema neno. Nikisikia leo bunge fulani la mbali limesema tuko na rafiki yetu kwa lolote litakalotokea, mimi ulimi wangu unautafuta ule mwiba.

Baba alirudi. Lori halikurudi.

Gaddafi alisema “niko nawe” bila kusema mpaka wapi. Amin mwenyewe, Kampala ilipoanguka Aprili 1979, alikimbilia Libya akapokewa. Vijana wa Kilibya waliotumwa kumlinda walizikwa Uganda, katika nchi ambayo wengi wao nadhani hawakuwahi hata kuisikia kabla ya safari ile.

Na nisiwe mtu wa kuona kosa la jirani peke yake. Sisi tulianza kwa kusema tunamtoa mvamizi kwenye ardhi yetu. Tulipomtoa, tukaendelea mpaka Kampala, na majeshi yetu yakabaki Uganda hadi mwaka 1981. Mimi naamini kumwondoa Amin kulikuwa haki. Waganda wengi walituambia hivyo na bado wanatuambia. Lakini gharama hatukuijadili mapema wala hatukuambiwa itaishia wapi. Tuliombwa tufunge mkanda miezi 18. Mnakumbuka miezi hiyo 18 iliisha lini? Sukari, betri, vitenge…

(Mama mmoja mbele akasema: “Na sabuni, Mwalimu!”)

Na sabuni, mama, ahsante. Tulifulia majani ya mpapai.

Sasa twende kwenye katiba yetu, maana kijana wangu aliuliza kuhusu bunge letu. Ibara ya 44 inasema Rais anaweza kutangaza hali ya vita kati yetu na nchi nyingine. Haikuishia hapo. Inasema akishatangaza atapeleka nakala kwa Spika, na Spika ataitisha mkutano wa Bunge katika muda usiozidi siku 14, ili Bunge litafakari na kufikiria kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono tangazo hilo. Nataka mshike maneno mawili: “au kutopitisha”. Walioandika waliona kwamba azimio la kuunga mkono halina thamani kama mtu hana ruhusa ya kulikataa.

Lakini ibara hiyo inahusu vita vyetu wenyewe. Kumsaidia rafiki kwenye vita vyake, hapo ndipo ninapoona pengo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki mwa Congo, na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikapeleka askari. Walifanya kazi ya kujivunia, waasi wa M23 wakashindwa mwaka huo huo. Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko huko Congo, ikashambuliwa usiku, wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa. Tuliwazika kwa heshima na bendera. Kisha Desemba 2023 tukaenda tena Congo chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23 hao hao. Mara zote hizo ningetamani wabunge wetu wangesimama mmoja mmoja, tukawasikia, kabla vijana hawajapanda ndege.

Majirani zetu wamejaribu, kila mmoja kwa njia yake. Bunge la Uganda liliidhinisha jeshi kwenda Sudan Kusini Januari 2014, lakini askari walikuwa wameshafika huko tangu Desemba. Bunge la Kenya liliidhinisha polisi kwenda Haiti Novemba 2023, na Januari iliyofuata Mahakama Kuu ikasema mpango huo haukufuata katiba. Haijakamilika kokote. Ila angalau Mkenya anaweza kufungua kumbukumbu za bunge akaona nani alisema nini.

Basi kijana wangu, jibu lako. Marafiki tunao. Na mimi siungi mkono kimya. Nilikilalamikia kimya cha OAU hapa mbele yenu, siwezi kukigeuza kuwa hekima kikiwa chetu. Hata kura ya kujizuia, kama ile ya Machi 2022, nchi inaweza kuwa na sababu zake nzuri, lakini wananchi wana haki ya kuzisikia sababu hizo zikielezwa Dodoma na mtu aliye tayari kuulizwa.

Ningependa Bunge letu liseme. Ila likisema “tuko pamoja na fulani”, likamilishe sentensi. Kwa lipi? Kumsaidia kulinda nyumba zake ni jambo moja, kumsaidia kubomoa za jirani ni jingine, na neno “pamoja” linaficha yote mawili. Mpaka wapi? Dawa, chakula, kupokea wakimbizi, silaha, askari: kitajwe kinachotolewa na kisichotolewa, ili rafiki asije akasubiri mzigo usiokuja kama waliokuwa Avdiivka. Ile “Kwa kuwa” ichunguzwe, na Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama ipewe siku kadhaa za kuuliza maswali kabla ya mtu yeyote kupiga makofi. Na kura isiwe ya kupaza sauti. Tunapitisha bajeti kwa kuita majina, mbunge mmoja baada ya mwingine, ndiyo au hapana. Kumwambia mtu aliye vitani tuko nawe si jambo dogo kuliko bajeti. Waitwe kwa majina, na atakayesema hapana asiitwe msaliti.

Namalizia na mama mmoja wa Mwaloni pale Kirumba. Amenipa ruhusa nimseme, ila si kwa jina. Anauza dagaa na kayabo, na wateja wake wakubwa ni Wakongo. Mwishoni mwa Januari 2025, mteja wake mmoja wa Goma alikuwa ameshachukua mzigo kwa mkopo, kama walivyozoeana miaka saba. Mji ukatekwa. Benki za Goma zikafungwa. Siku tisa simu haikupatikana. Siku ya kumi akapiga, sauti inakatika, akasema dada, mimi mzima, mzigo umeibiwa nusu, fedha siwezi kuitoa.

Nilimkuta yule mama siku ile ile, amekaa juu ya gunia, daftari liko magotini, lile daftari gumu la kurasa nyingi lenye kona zilizolowa maji ya samaki. Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema nimempa pole. Kisha akaniambia, lakini Mwalimu, pole atakula? Akaligeuza daftari nisome. Mbele ya jina la mteja kulikuwa na hesabu ya magunia 12. Alichora mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, akaandika: “Asidaiwe mpaka benki zifunguliwe. Nusu iliyoibiwa tutagawana hasara. Mzigo mwingine hapana kwanza.”